Simbakubwa hakuwa simba: jinsi familia ya mnyama aliyetoweka inavyojulikana kwa meno

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafundisha biolojia sekondari magharibi mwa Kenya, si mbali na Muhoroni. Niliwaeleza wanafunzi habari za Simbakubwa, mnyama mla nyama aliyechimbuliwa Meswa Bridge, wakaniuliza mambo mawili yaliyonishinda. Kwanza, ikiwa kilichopatikana ni taya na mifupa michache, mnajuaje kwamba hakuwa wa familia ya simba? Pili, kitabu kimoja kinawaweka wanyama hawa katika Creodonta, kingine Hyaenodontidae, kingine Hyainailouridae. Kipi kiko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wanafunzi wako wameuliza swali ambalo ndilo kiini cha kazi yenyewe, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa mwambani, vya Simbakubwa kutokaafrika vilichimbuliwa Meswa Bridge kati ya mwaka 1978 na 1980, na watu waliokuwa wakitafuta zaidi mabaki ya nyani wa kale. Vilikaa katika hifadhi ya makumbusho ya taifa Nairobi miaka mingi, hadi wataalamu wa visukuku Matthew Borths na Nancy Stevens walipovieleza rasmi mwaka 2019. Umri wake ni takriban miaka milioni 22, mwanzoni kabisa mwa enzi ya kijiolojia ya Miosini. Kuna taya la chini, sehemu ya taya la juu lenye meno, na mifupa michache ya mwili, ukiwemo mfupa wa kisigino. Jambo la kushukuru ni kwamba mnyama huyu alikufa angali kijana. Meno yake hayajalika, na kila ukingo na kila bonde la jino bado linaonekana. Taya la mzee wa miaka mingi lingekuwa kubwa vilevile, lakini lingetuambia kidogo sana.

Sasa familia. Simbakubwa hakuwekwa Felidae, yaani familia ya simba na paka, kwa sababu moja kubwa: meno yake ya kukatia nyama yako mahali pengine mdomoni.

Karibu kila mamalia mla nyama ana jozi ya meno, la juu na la chini, yanayopishana na kukata. Tuyaite meno ya mkasi. Chukua fuvu la paka au la mbwa ulitazame. Mamalia wenye kondo la nyuma walianza na mpangilio mmoja kila upande wa taya: meno matatu ya mbele, chonge moja, magego madogo manne, magego makubwa matatu. Kwa kifupi magego madogo ya juu huandikwa P1 hadi P4 na makubwa M1 hadi M3. Ya chini huandikwa kwa herufi ndogo, p na m. Kwa paka, mbwa, fisi, dubu, nguchiro na wote walio katika oda (kundi la familia kadhaa) ya Carnivora, mkasi ni P4 juu na m1 chini. Jamii nyingine, kama sili, zimeupoteza mkasi huo baada ya kuhamia baharini, lakini hakuna jamii ya Carnivora iliyouhamishia nyuma zaidi.

Simba amebakiwa na meno matatu tu nyuma ya chonge katika kila upande wa taya la chini: p3, p4 na m1. Hiyo m1 ndiyo ya mwisho, ina makali mawili yaliyokutana kwenye mwanya wenye umbo la V, na nyuma yake hakuna kitu. Simbakubwa ana magego makubwa matatu chini, yote matatu yana makali, na yanazidi kuwa makubwa kadiri unavyoelekea nyuma. Kubwa kuliko yote ni m3, nayo inakata dhidi ya M2 ya juu. Yaani palipo na mkasi wa Simbakubwa, simba hana jino kabisa.

Kwa nini tuupe uzito mpangilio wa meno kuliko ukali wa jino? Kwa sababu ukali huja na kazi. Mnyama yeyote anayeishi kwa nyama, baada ya vizazi vingi, hupata jino lenye ukingo mkali na mwanya wa kunasa nyama isiteleze. Limetokea kwa Carnivora, kwa jamaa za Simbakubwa, na hata kwa mamalia wenye mfuko wa Australia na Amerika Kusini. Kufanana kwa namna hiyo kunatokana na mlo, wala si ushahidi wa undugu. Lakini jino gani katika safu limegeuzwa kuwa mkasi ni suala la urithi. Mnyama ambaye mkasi wake wa P4 na m1 unafanya kazi hawezi kirahisi kuuacha na kutengeneza mwingine nyuma, maana katika hatua za katikati angekuwa na mikasi miwili isiyokamilika. Ndiyo maana mabaki ya Carnivora wa kale sana, wadogo wa ukubwa wa nguchiro, tayari yana mkasi wa P4 na m1. Jamaa za Simbakubwa, tunaowaita kwa jumla Hyaenodonta, walikwenda njia yao tangu mapema.

Pana athari moja ya mpangilio huo ambayo wanafunzi wataielewa haraka. Kwa kuwa mkasi wa Carnivora uko mbele, magego ya nyuma yako huru kufanya kazi nyingine. Dubu ameyapanua ya kusaga, mbwa amebaki na m2 na m3 ndogo za kupondea, na paka ameyaacha karibu yote. Hyaenodonta walitumia magego yote makubwa kukata, wakabaki na nafasi finyu ya kubadili mlo. Baadhi ya wataalamu wanaona hilo lilichangia kutoweka kwao. Mimi naliona ni hoja nzuri kwa sehemu tu, kwa sababu Hyaenodonta walidumu makumi ya mamilioni ya miaka kabla ya kuisha katika Miosini ya mwisho.

Mtu akiwa na taya mkononi, kazi ya kwanza ni kujua jino lipi ni lipi, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Usianze na umbo, anza na mpangilio. Tafuta chonge au tundu lake, hesabu matundu ya mizizi kurudi nyuma, kisha tafuta mwisho wa safu pale mfupa wa taya unapoanza kupanda. Magego madogo kwa kawaida hubadilishwa mara moja katika maisha, makubwa hayabadilishwi. Kwa hiyo ukipiga taya la mnyama mchanga picha ya CT skani na kukuta jino jingine linachipua chini ya lile unaloliona, unalotazama ni la utotoni. Kwa Carnivora mtego huu ni mbaya mno: jino la utotoni la nafasi ya p4 lina umbo linalokaribiana kabisa na m1 ya ukubwani. Anayelikuta peke yake anaweza kutangaza spishi mpya ndogo, kumbe ana mtoto wa spishi inayojulikana. Dalili zake ni enameli (tabaka gumu la nje la jino) nyembamba na mizizi iliyotanuka kuacha nafasi ya jino linalokuja.

Uchakavu nao husaidia. Katika magego makubwa, m1 huota kwanza na m3 mwisho. Kwa Hyaenodonta mara nyingi unakuta m1 imelika hadi imebaki kisiki wakati m3 ina makali mapya. Asiyejua hilo hudhani m1 ilikuwa butu tangu mwanzo, akaiandika hivyo katika orodha ya sifa, na kosa hilo likaingia katika kila hesabu inayofuata.

Baada ya kuyatambua meno, hupimwa. Kwa kalipa ya dijitali, kifaa cha kupimia urefu mdogo, unachukua urefu wa jino kutoka mbele kwenda nyuma na upana kutoka shavuni kwenda ulimini, kwa sehemu ya kumi ya milimita, na kila kipimo kinarudiwa. Kwa picha, jino hupakwa poda nyeupe nyepesi ya kloridi ya amonia, kwa sababu enameli ya kisukuku ina madoa na mng'ao vinavyoficha vinundu. Poda huondolewa mara baada ya picha ili isiharibu kielelezo.

Hadi hapo tumejua tu kwamba ni Hyaenodonta. Kumshusha hadi familia kunahitaji kutazama vinundu vya magego ya juu. Kwenye gego la juu la mamalia wa kale kuna vinundu viwili upande wa shavu: cha mbele kinaitwa parakoni, cha nyuma metakoni. Kwa Hyaenodonta wengi viwili hivi vimesogeleana hata vikaungana kwenye shina. Kwa jenasi Hyaenodon na jamaa zake wa karibu, metakoni ndiyo ndefu zaidi, na gego la M3 limepotea kabisa. Kwa jenasi nyingine, Hyainailouros, na jamaa zake, parakoni ndiyo ndefu, na M3 bado ipo ingawa imepungua. Simbakubwa anaangukia upande wa Hyainailouros. Tofauti yenyewe ni ya milimita chache kwenye jino, na hapo ndipo unapojua kwa nini taya la kijana asiyelika meno lina thamani kubwa.

Lakini hatumpangi mnyama kwa sifa moja wala mbili. Hutengenezwa jedwali: kila mnyama mstari wake, kila sifa safu yake. Metakoni ndefu kuliko parakoni? Hapana 0, ndiyo 1. M3 ipo? Mwanya wa mkasi una kina gani? Sifa za meno, fuvu na viungo vikiunganishwa, safu huwa nyingi, na wanyama kadhaa wa nje ya kundi huongezwa ili ijulikane hali ipi ni ya kale na ipi imezuka baadaye. Programu kama TNT au MrBayes hutafuta mti wa ukoo unaoyaeleza majibu hayo vizuri kuliko miti mingine. TNT hutafuta mti wenye mabadiliko machache. MrBayes hupima uwezekano, na inaweza kutumia umri wa visukuku kupanga matawi. Kinachotuambia undugu ni sifa mpya zinazoshirikiwa. Sifa ya kale iliyobaki kwa wengi haithibitishi kitu: kuwa na magego madogo manne hakumfanyi mnyama kuwa ndugu wa mwenziwe, kwani ndivyo mamalia wenye kondo walivyoanza.

Kosa linaloharibu jedwali kuliko yote ni kuandika 0 pale ambapo mfupa haupo. Kama fuvu la nyuma halikupatikana, jibu la sifa za fuvu la nyuma ni alama ya kuuliza. Ukiandika 0 umesema mnyama alikuwa na hali ya kale, na programu itamvuta hadi chini ya mti. Kwa upande mwingine, mnyama mwenye alama za kuuliza nyingi mno huruka kutoka tawi hadi tawi kila unapobadilisha mpangilio kidogo. Mnyama wa namna hiyo husemwa tu "ni Hyaenodonta" na kuachwa hapo. Ni uamuzi wa heshima, na ningependa kuuona mara nyingi zaidi.

Nije kwa swali lako la pili. Majina hayo matatu si ya ngazi moja, na hayakuzaliwa wakati mmoja.

Creodonta ilianzishwa na Edward Drinker Cope mwaka 1875, wakati wanyama wengi wa kale wenye meno ya kula nyama walipotiwa katika kundi moja kwa kuwa hawakuingia kwingine. Baadaye kundi lilichujwa likabaki na familia mbili, Oxyaenidae na Hyaenodontidae. Tatizo ni kwamba mkasi mkuu wa Oxyaenidae ni M1 na m2, wa wenzao ni M2 na m3. Hakuna sifa mpya yenye nguvu inayowaunganisha hao wawili peke yao. Wataalamu wengi leo hawaichukulii Creodonta kuwa kundi la ukoo mmoja. Hata kichwa cha makala ya 2019 iliyomtangaza Simbakubwa kinaandika Creodonta ndani ya alama za kunukuu, kwa maana hiyohiyo.

Hyaenodontidae ni jina la Joseph Leidy, mwaka 1869, linalotokana na jenasi Hyaenodon ya mwaka 1838. Kwa muda mrefu familia hii ilibeba kila kitu chenye mkasi wa nyuma. Kadiri visukuku vilivyoongezeka, hasa kutoka Fayum nchini Misri, ilionekana kwamba ndani yake kuna matawi kadhaa yaliyotengana zamani sana. Sasa kundi zima linapewa ngazi ya oda, Hyaenodonta, na familia ya Hyaenodontidae imebakishiwa Hyaenodon na ndugu zake wa karibu. Matawi mengine yana majina yake. Moja ni Teratodontidae, linaloitwa kwa jenasi Teratodon ambayo R. J. G. Savage aliieleza mwaka 1965 kutokana na visukuku vya Afrika Mashariki. Jingine ni la Hyainailouros, na ndimo alimo Simbakubwa, pamoja na Megistotherium wa Libya aliyeelezwa mwaka 1973.

Kuna waandishi wanaoliita tawi hili Hyainailouridae, wengine Hyainailourinae. Mwisho -idae ni wa familia, -inae ni wa familia ndogo. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinaamua jina litokane na jenasi ipi na lipi lina haki ya kutangulia. Haziamui tawi liwe la ngazi gani. Hakuna idadi ya miaka wala ya spishi inayofanya tawi listahili kuitwa familia, hivyo wataalamu wawili wanaweza kuchora mti uleule na kuandika miisho tofauti. Basi wanafunzi waandike hivi: oda Hyaenodonta, tawi la Hyainailouros, linaloitwa Hyainailouridae au Hyainailourinae. Kitabu kinachosema Hyaenodontidae kinatumia maana pana ya zamani, na kinachosema Creodonta peke yake kimepitwa.

Ngazi nayo ina tatizo lake jingine, na mfano mzuri uko Kenya. Familia ya Anthracotheriidae ilikuwa ya wanyama wenye kwato waliotoweka. Mwaka 2015 ilielezwa Epirigenys lokonensis kutoka Lokone, Turkana, yenye umri wa miaka takriban milioni 28, ambayo meno yake yanaunganisha anthrakotheri na kiboko. Kama kiboko ametoka ndani ya familia hiyo, basi Anthracotheriidae ni familia iliyokatwa tawi moja na kuliita Hippopotamidae. Jina bado linatumika kwa urahisi wa mazungumzo, lakini huwezi kusema "familia hiyo ilitoweka" bila kuongeza kwamba kizazi chake kimoja kinaoga Ziwa Victoria leo.

Mbali na meno, kosa kubwa jingine ni kuunganisha au kutenganisha mifupa isivyostahili. Mwanasayansi Mfaransa Georges Cuvier aliona mfupa wa kucha kutoka Eppelsheim, Ujerumani, akadhani ni wa kakakuona mkubwa ajabu. Meno ya mnyama huyohuyo, ya mla majani mwenye undugu na farasi na kifaru, yalipewa jina Chalicotherium na Mjerumani Kaup mwaka 1833. Hakuna aliyefikiri kucha na meno vinaweza kuwa vya mwili mmoja, hadi mabaki yaliyokaa pamoja yalipopatikana Sansan, Ufaransa. Naye Andrewsarchus wa Mongolia ya Ndani, ambaye fuvu lake la sentimita 83 lilipatikana mwaka 1923, aliwekwa miongo mingi katika Mesonychia, kundi la wala nyama wa kale waliotoweka, kwa sababu ya meno. Uchambuzi wa 2009 ulimhamishia karibu na wanyama wenye kwato za jozi, upande wa viboko na nyangumi. Fuvu bila miguu huacha mlango huo wazi.

Ukubwa pia usikupotoshe. Umeona pengine kwamba Simbakubwa alikuwa na uzito wa zaidi ya tani. Makadirio yanaanzia takriban kilo 280 na kupita 1,000, kutegemea fomula. Fomula ya juu ilijengwa kwa meno ya Carnivora wa leo. Ukiingiza urefu wa m3 ya Hyaenodonta, ambao vichwa vyao vilikuwa vikubwa kwa kulinganisha na mwili na jino lao la mwisho kubwa kupita yote, unapata mnyama mkubwa kupita kiasi. Mimi namfundisha kwa kiwango cha chini. Upande wa pili wa ukubwa yuko Pakakali rukwaensis wa bonde la Rukwa, Tanzania, wa miaka milioni 25. Alikuwa wa ukubwa wa simbamangu hivi, na ni Hyaenodonta vilevile. Umri nao unafaa kukupa tahadhari: visukuku vya kale vya jenasi ya simba, Panthera, tunavyovijua Afrika vinatoka Laetoli, Tanzania, na havifikii miaka milioni 4.

Kama wanafunzi watauliza kuhusu DNA, waambie haiishi miaka milioni 22 katika joto letu. Protini zina nafasi nzuri zaidi. Mwaka 2015 kolajeni, protini ya mfupa, ilisaidia kuwaweka Toxodon na Macrauchenia, wanyama waliotoweka wa Amerika Kusini, karibu na farasi na vifaru, suala lililosumbua tangu enzi za Darwin. Mwaka 2025 ziliripotiwa mabaki ya protini ndani ya enameli ya miaka milioni 18 kutoka bonde la Turkana. Ni habari njema kwetu, ila kwa sasa taya la Meswa Bridge linasomwa kwa vinundu vyake.

Kwa zoezi la darasani, tafuta fuvu la mbwa, la paka na la mbuzi. Wape wanafunzi kalipa, wahesabu kutoka chonge kurudi nyuma, wapime kila gego, waandike jino la mkasi ni lipi, kisha wajaze jedwali la sifa kumi za 0, 1 na alama ya kuuliza. Funika nusu ya fuvu moja kwa karatasi uwaache wajaze upya. Wataona wenyewe mnyama akiruka tawi.

Na mmoja wao akiona taya limetokeza kwenye kingo za mto, asiling'oe. Apige picha akiweka rula au kalamu pembeni, achukue alama ya GPS, afunike kidogo kwa udongo, kisha mtoe taarifa makumbusho ya taifa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda visukuku, na kuna sababu ya kisayansi pia. Umri wa Simbakubwa haukutoka kwenye jino lake bali kwenye tabaka la mwamba alimolala. Taya lililong'olewa bila kumbukumbu ya tabaka lake linaweza kupata familia, lakini halitapata umri.